Kwa nini gari ulilobuku linaweza lisiwepo

Umeshuka kwenye ndege, umefika kaunta ya magari ya kukodi, namba ya buking iko kwenye simu, halafu mhudumu anakwambia magari yameisha. Wengi hudhani kuna mtu kazembea. Mara nyingi ni hesabu tu, na leo imekuangukia wewe.

Chukua kituo chenye magari 100. Buking nyingi za magari hazilipiwi mapema, kwa hiyo mtu anaweza kubuku kampuni mbili tatu kisha asitokee. Tuseme kila mteja ana uwezekano wa 90% wa kutokea. Kampuni ikipokea buking 100 tu, kwa wastani magari 10 yatabaki yamepaki bila kuingiza hela. Ikipokea 105, uwezekano wa kutokea watu zaidi ya 100 ni kama 1.7%, yaani siku moja katika 60 hivi. Si mbaya. Sasa ongeza tano nyingine, ziwe 110. Uwezekano unaruka hadi 33%! Siku moja kati ya tatu kuna mtu anabaki pale kaunta na mabegi yake. Buking tano tu, lakini mambo yamegeuka kabisa.

Tena hapo tumedhani kila mteja anatokea au hatokei kivyake. Uwanja wa ndege hauko hivyo: ndege moja ikichelewa, wateja ishirini wanachelewa pamoja. Halafu kuna tatizo ambalo mashirika ya ndege hayana. Kiti hakibaki kwa abiria wa jana. Gari linabaki, na huyo wa jana anaweza kuamua kukaa nalo siku moja zaidi. Kwa hiyo hata ile 100 yenyewe ni makisio.

Kwenye ndege, mchumi Julian Simon alipendekeza mwaka 1968 kwamba abiria waulizwe nani yuko tayari kubaki akilipwa, na achukuliwe anayetaka kidogo. Marekani ilianza utaratibu wa kutafuta wanaojitolea mwaka 1978. Kaunta ya magari haina mnada wa namna hiyo. Anayefika mwisho ndiye anayekosa, hata kama ndiye mwenye shida kuliko wote.

Basi jaza namba ya ndege yako unapobuku, ili ikichelewa wajue bado unakuja. Ukiambiwa hakuna gari, usiondoke kwanza. Kwa kawaida umebuku daraja, si gari fulani, kwa hiyo omba la daraja la juu kwa bei ileile. Likikosekana, uliza kituo chao cha mjini, na nani analipa teksi. Ikibidi ukodi kwa jirani, waombe wakuandikie kwamba hawakuwa na gari. Bila karatasi hiyo, kudai tofauti ya bei baadaye ni kazi kwelikweli.