Kusaidia mtu adumu kazini: mambo yaliyojaribiwa Kanada, Marekani na Uingereza

Katika parokia yetu tuna desturi: ndugu akipata kazi, anasimama mbele ya kanisa siku ya Jumapili, tunamshukuru Mungu pamoja naye, kwaya inaimba, kisha tunaendelea na ibada. Mwaka jana tulifanya hivyo kwa kijana mmoja, baba wa watoto wawili, ambaye komite yetu ya diakonia ilimtafutia kazi ya ulinzi wa usiku kwenye depo moja. Kabla mwezi wa tatu haujaisha, alikuwa amerudi nyumbani. Tulipomtembelea ndipo tulipojua habari. Mshahara wa kwanza ulichelewa majuma sita. Pesa za transporti zikamwishia, akawa anatembea kwa miguu kutoka kartiye ya mbali, akachelewa mara tatu, akafukuzwa. Dola kumi na tano hivi zingetosha kumvusha. Hakuna aliyemwuliza, hata sisi wachungaji wake. Naye aliona haya kurudi kuomba kwa watu waliokwisha kumshangilia.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma juu ya swali hili: mtu akiisha kupata kazi, ni nini kinachomsaidia adumu ndani yake? Tuligundua kwamba kuna nchi ambazo zimelifanyia uchunguzi mkubwa, kwa pesa nyingi na kwa miaka mingi. Ni nchi ambazo serikali humlipa raia asiye na kazi msaada wa kila mwezi, jambo ambalo kwetu halipo. Hata hivyo waliyoyaona yanatugusa.

Marekani, mwaka 1996, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyobadilisha msaada huo. Familia maskini haikuweza tena kupokea pesa za serikali kuu zaidi ya miezi 60 kwa jumla katika maisha ya mzazi, na mzazi alipaswa kutafuta kazi. Wengi walipata kazi. Lakini wengi walizipoteza baada ya miezi michache, wakarudi walikotoka, na mara nyingi sababu hazikuwa uvivu: mtoto ameugua, gari limeharibika, shefu amekasirika, saa za kazi zimebadilishwa ghafla. Wakuu waliokuwa wakihesabu walioingia kazini hawakuwa wakihesabu walioanguka.

Kabla hatujaeleza waliyoyajaribu, inafaa tueleze namna ya kupima. Tuseme unawasaidia watu mia, na baada ya mwaka hamsini wako kazini. Je, msaada wako ndio ulioleta matunda? Huwezi kujua, maana labda hamsini hao wangepata kazi hata bila wewe. Kwa hiyo watafiti huwagawa watu kwa kura. Nusu wanapewa msaada mpya, nusu wanabaki na utaratibu wa zamani, kisha makundi yote mawili yanafuatiliwa kwa miaka. Kwa kuwa ni kura iliyowatenganisha na si bidii wala elimu wala upendeleo wa mtu, tofauti inayoonekana baadaye inatokana na msaada wenyewe. Baadhi yetu tulipata shida na jambo hili mwanzoni, maana linaonekana kama kuwanyima wengine makusudi. Lakini tukumbuke kwamba mara nyingi pesa hazitoshi kwa wote, na kura haina ndugu wala kabila. Hata mitume walipiga kura walipotafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda.

Kanada ilianza mwishoni mwa mwaka 1992, katika majimbo mawili, New Brunswick na British Columbia. Waliochaguliwa walikuwa wazazi wanaolea watoto peke yao, karibu wote akina mama, ambao walikuwa wamepokea msaada wa serikali kwa mwaka mmoja au zaidi. Ahadi ilikuwa hivi: ukipata kazi ya saa 30 au zaidi kwa juma ndani ya mwaka mmoja, na ukaacha msaada, serikali itakuongezea juu ya mshahara wako kwa muda wa hadi miaka mitatu. Hesabu yake ni rahisi. Katika New Brunswick waliweka kipimo cha dola za Kanada 30,000 kwa mwaka. Mama anayelipwa 12,000 amepungukiwa 18,000. Serikali inampa nusu ya pengo hilo, yaani 9,000. Si pesa ndogo.

Matokeo? Kidogo zaidi ya theluthi moja ya walioahidiwa waliweza kuingia katika mpango. Wengine hawakupata kazi ya saa hizo ndani ya mwaka. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa pili, wale walioahidiwa ruzuku walikuwa na kazi ya saa kamili kwa kiasi cha 29 hivi kwa mia, na wale wa kundi la kulinganisha 14 kwa mia. Ni mara mbili. Watu walifurahi sana. Kisha miaka ikapita, ruzuku ikafika mwisho wake, na tofauti ikawa inapungua hadi makundi mawili yakafanana karibu kabisa. Si kwamba akina mama wa kwanza waliacha kazi wote. Wale wa kundi la pili nao waliingia kazini polepole, kwa njia zao.

Pesa, basi, ilimharakisha mtu aingie kazini, lakini haikumfikisha mahali ambapo mwenzake asingefika baadaye. Katika miaka ile ya katikati watoto walikula vizuri zaidi, na hatulidharau hilo. Tena kulikuwa na kundi moja dogo katika New Brunswick ambalo, pamoja na ruzuku, lilipewa mtu wa kuwasaidia kutafuta kazi, kuandika barua za maombi, na kuzungumza nao juu ya matatizo ya kazini. Hao walioongezewa mtu waliingia wengi zaidi, karibu nusu, na matunda yao yalidumu zaidi.

Wamarekani walijaribu pia, kuanzia 1999, kwa njia nyingi tofauti katika majimbo manane. Ripoti ya mwisho ilitoka 2010. Katika programu kumi na mbili ilizozitazama, ni tatu tu zilizoongeza kazi na mapato kwa namna ya kuaminika. Huko Corpus Christi, Texas, mtu alilipwa dola 200 kwa mwezi kama alifanya kazi saa 30 kwa juma na kufuata mpango alioandika na mshauri wake. Chicago, waliwasaidia watu wenye mishahara midogo wahamie kwa waajiri wanaolipa vizuri zaidi. Riverside, California, msaada wa baada ya kazi ulitolewa hasa na mashirika ya mtaani, na mtu alipopoteza kazi walimsaidia haraka apate nyingine. Zile nyingine, ambazo nyingi zilitegemea zaidi mashauri ya mara kwa mara na simu, hazikuzaa matunda ya kuonekana. Kwa sisi wachungaji, ambao chombo chetu kikubwa ni maneno, habari hii si tamu kuisikia.

Uingereza ndiko tulikojifunza zaidi. Kuanzia mwaka 2003, katika wilaya sita, watu zaidi ya 16,000 waligawanywa kwa kura. Baadhi yao walikuwa wazazi wanaolea peke yao. Wengine walikuwa watu wa miaka 25 na zaidi, wengi wao wanaume, waliokuwa bila kazi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Walipewa mshauri ambaye hakuwaacha siku ya kuajiriwa, bali aliendelea nao kazini kwa karibu miaka miwili. Aliyefanya kazi ya saa kamili kwa majuma 13 katika kila majuma 17 alipata zawadi ya paundi 400, na angeweza kuipata hadi mara sita. Kulikuwa pia na mfuko wa dharura, hadi paundi 300 kwa mtu, kwa shida ndogo inayoweza kumtoa mtu kazini: nauli, sare, malezi ya mtoto ya siku chache. Tuliposoma habari za mfuko huo tulimkumbuka kijana wetu wa depo.

Sasa angalieni kilichotokea ofisini. Washauri wale walikuwa wamezoea kupimwa kwa idadi ya watu waliowaingiza kazini. Kipimo hicho hakikuondolewa. Kwa hiyo, ingawa walikuwa wameagizwa kuwafuata watu kazini, muda wao mwingi katika miaka ya kwanza uliendelea kwenda kwa wale ambao bado hawajapata kazi. Tena aliyeajiriwa ni mgumu kumpata: wakati ofisi iko wazi, yeye yuko kazini. Ilibidi wajifunze upya, wapige simu jioni, wakutane na watu nje ya ofisi. Hakuna aliyekuwa mbaya katika habari hii. Watu walifanya kile kilichohesabiwa.

Ripoti ya mwisho, mwaka 2011, ilileta mshangao. Kwa wazazi wanaolea peke yao, faida ya mwanzo ilififia, kama Kanada. Lakini kwa wale waliokaa bila kazi kwa muda mrefu, ambao wengi wangesema wamekwisha kuzoea kukaa, mapato yaliongezeka kwa kiasi, yakabaki hivyo hadi mwaka wa tano, na serikali ilirudishiwa zaidi ya ilichotumia.

Tunajua mtu atasema: hayo ni ya kwao. Kwetu vita vimefunga maduka na barabara, na wengi wetu hawana mwajiri. Wanauza makala, wanabeba mizigo, wanaendesha moto. Ni kweli, na hakuna mshauri anayeweza kumdumisha mtu katika kazi ambayo haipo. Lakini komite zetu hutoa kapitali ndogo kwa wajane, hutafutia vijana vibarua, hulipia mafunzo ya ushonaji, na tunahesabu kama walivyohesabu wao. Tena wengi wetu tuna ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Kabla ya 2025 kulikuwa na miaka ambayo Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote lililopokelewa huko. Msaada wa kwanza wa mapokezi ulikuwa wa miezi mitatu tu, na walihimizwa kuingia kazini upesi. Wakitupigia simu tunawauliza kama wamepata kazi. Ni mara chache tunawauliza wanafikaje huko usiku bila gari, au ni nani anabaki na mtoto.

Mwezi uliopita komite yetu ya diakonia ilifungua daftari lake. Lilikuwa na safu mbili: jina, na tarehe ya kupata kazi au kapitali. Tuliongeza nyingine tatu, za mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na kila jina likapewa shemasi mmoja wa kulitembelea jioni au Jumamosi. Tumetenga pia kiasi kidogo, kisichozidi dola 20 kwa mtu, kwa nauli na mambo kama hayo kabla ya mshahara wa kwanza. Majina ni kumi na moja kwa sasa. Kijana wa depo yumo. Tangu majuma matano anafanya kazi kwenye kinu cha unga, na shemasi wake amekwisha kumtembelea mara mbili.