Kompyuta Ipate Masasisho Kabla ya Kuingia Mtandaoni

Kompyuta nyingi zinazotumika katika saiba, shule na ofisi ndogo za Kawangware, Kangemi na Riruta ni zile zilizotumika ng'ambo, maarufu kama "ex-UK", zinazouzwa katika maduka ya katikati ya jiji. Kabla ya kuanza kazi, fundi huifuta kompyuta na kusakinisha Windows upya. Jambo ambalo wateja wachache huuliza ni hili: diski au flashi anayotumia fundi ni ya lini?

Diski ya kusakinishia hubeba mfumo jinsi ulivyokuwa siku ilipotengenezwa. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kompyuta iliyosakinishwa kwa diski ya miaka miwili iliyopita huingia mtandaoni kutafuta masasisho hayo ikiwa na mianya yote iliyogunduliwa tangu wakati huo.

Hatari hiyo ilionekana mwaka wa 2017. Sasisho la kuziba mwanya uliotumiwa na virusi vya WannaCry lilitolewa Machi 14, na mashambulizi yakaanza Mei 12. Kompyuta katika zaidi ya nchi 150 ziliathirika, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao walikuwa wameufunga mlango huo takriban miezi miwili mapema.

Suluhisho ni kuyaingiza masasisho ndani ya diski yenyewe. Njia hii pia huokoa bando. Ikiwa masasisho ni GB 4, kompyuta kumi zikipakua kila moja kivyake zitatumia GB 40. Flashi iliyoandaliwa vyema huhitaji GB 4 mara moja tu.

Hatua za kufuata

1. Pakua faili ya ISO ya Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Nakala za mitaani zinaweza kuwa zimeongezewa programu hasidi. Hakiki faili kwa amri ya certutil -hashfile, ukitaja SHA256, kisha linganisha jibu na lile lililochapishwa na Microsoft.

2. Kutoka Microsoft Update Catalog, pakua sasisho jumuishi la karibuni linalolingana na toleo lako, pamoja na yale yanayotakiwa kulitangulia, ikiwa yapo. Yaweke yote katika folda moja, kwa mfano C:\masasisho.

3. Nakili yaliyomo kwenye ISO hadi C:\diski, na uunde folda tupu C:\kazi. Ndani ya folda ya sources kuna faili ya install.wim, ambayo ndiyo Windows yenyewe. Iondolee alama ya kusomwa tu. Ukikuta install.esd badala yake, ibadilishe kwanza iwe wim.

4. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi. Amri ya Dism /Get-ImageInfo itaonyesha nambari ya kila toleo, kama vile Home au Pro. Kisha, ukiweka nambari inayofaa mahali pa 1, andika:

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\diski\sources\install.wim /Index:1 /MountDir:C:\kazi

Dism /Image:C:\kazi /Add-Package /PackagePath:C:\masasisho

Dism /Unmount-Image /MountDir:C:\kazi /Commit

Amri ya kwanza hufungua faili, ya pili huingiza masasisho, na ya tatu huhifadhi na kufunga.

5. Tengeneza ISO mpya kwa programu ya Oscdimg, inayopatikana katika Windows ADK, kisha iandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. DVD ya kawaida ya GB 4.7 haitoshi. Flashi ya mpangilio wa FAT32 nayo haipokei faili moja inayozidi GB 4, hivyo install.wim hulazimika kugawanywa kwa Dism /Split-Image.

6. Jaribu kwenye kompyuta moja ambayo haijaunganishwa na intaneti. Andika winver. Nambari itakayoonekana inapaswa kulingana na ya sasisho uliloingiza.

Flashi hii nayo huzeeka. Iandikwe tarehe na iandaliwe upya mara kwa mara. Aidha, haichukui nafasi ya leseni halali.

Wenye Windows 10 wafahamu kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0 na prosesa za karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazitimizi. Kwa hizo, Ubuntu ni chaguo lisilolipiwa. Toleo la 24.04 hutolewa upya likiwa na masasisho ndani, kama lilivyotolewa Agosti 2025 kwa jina 24.04.3, hivyo fundi hahitaji kuliandaa mwenyewe.

Mkazi anayejaza ritani za KRA au kuomba huduma za eCitizen katika saiba huacha nambari ya kitambulisho na nywila mikononi mwa kompyuta ya mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia data za watu kuilinda. Matukio ya uhalifu wa mtandaoni yaripotiwe kwa kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano iliyoko Waiyaki Way.

Mnunuzi naye, kabla ya kulipa, amwombe muuzaji aandike winver mbele yake na amweleze sasisho hilo ni la mwezi gani.