NGIRI SI AIBU, NI UFA WA KUZIBWA

Nikitaja ngiri najua wengi wenu mtacheka na kumfikiria yule mnyama wa Tsavo mwenye meno yaliyopinda. La hasha! Nazungumzia maradhi ambayo baba zetu na wajomba zetu huyaficha ndani ya nguo hadi maji yakawafika shingoni.

Ngiri ni nini basi? Tumbo limezungukwa na ukuta wa misuli unaoushikilia utumbo mahali pake. Ukuta huo una sehemu dhaifu, hasa kinenani na kitovuni. Sehemu hiyo ikilegea, kipande cha utumbo hujipenyeza na kutokeza uvimbe chini ya ngozi. Mtu akisimama, akikohoa au akinyanyua mzigo, uvimbe huonekana. Akilala, aghalabu hurudi ndani. Wengine huzaliwa na upenyu huo. Wengine huupata kwa sababu ya mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, kujikamua chooni au uzee. Wanaume huugua ngiri ya kinena zaidi kuliko wanawake.

Nilipowauliza watu mtaani kwetu hapa Mombasa, nilisikia mengi. Kwanza, kila uvimbe wa huko chini wanauita "mshipa" na kulaumu madafu. Masikini madafu! Hayana hatia. Tena busha si ngiri. Busha ni maji yanayojaa kuzunguka korodani, na hapa Pwani huweza kuletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu.

Pili, hamali mmoja wa soko la Kongowea aliniambia, "Mwanangu, hainiumi, hospitali niende kufanya nini?" Yeye hujifunga kitambaa kiunoni, kisha anarudi kubeba magunia. Nilipomuuliza kama mkewe anajua, alinyamaza kimya. Nadhani hapo ndipo penye taabu yenyewe: si uvimbe, ni mahali ulipo.

Tatu, wanaume wengi wanaogopa kwamba wakipasuliwa hawatazaa tena. Jamani, upasuaji wa ngiri si kuhasiwa! Daktari huurudisha utumbo ndani na kuziba ule upenyu, basi.

Nao akina mama huwafunga watoto sarafu kitovuni. Ngiri ya kitovu ya mtoto mchanga mara nyingi hujifunga yenyewe kabla hajafika miaka mitano. Sarafu haisaidii kitu, na yaweza kumtoa vidonda. Lakini ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi. Huyo apelekwe kwa daktari mapema.

Hatari iko wapi? Siku moja utumbo unaweza kunaswa pale upenyuni na kukosa damu. Uvimbe huwa mgumu, haurudi ndani, unauma ghafla, mgonjwa anatapika na kushindwa kwenda choo. Hapo si pa kungoja kesho wala pa kutafuta wa kukanda. Utumbo unaweza kufa katika muda wa saa chache, na mwenyewe akaufuata.

Kwa mtu mzima hakuna kidonge wala mti shamba unaoweza kuziba upenyu huo. Ni upasuaji tu, ingawa daktari ndiye atakayesema kama ni wa haraka au unaweza kungoja. Siku hizi madaktari wengi hushonea wavu mdogo juu ya ufa ili ukuta upate nguvu. Mtasema wavu huo ni wa matajiri. Sivyo! Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016 ulihusu wanaume 302 wa mashariki mwa Uganda. Baadhi yao waliwekewa wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua, uliosafishwa hadi viini vyote vikafa. Wengine waliwekewa ule wa ghali. Baada ya mwaka mmoja, katika waliofuatiliwa, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu.

Wenzangu, sisi wa shule ya kutwa tunarudi nyumbani kila jioni. Tunawaona wazee wetu wakishika kinena wanapokohoa. Kumwambia baba jambo kama hili ni kazi, nakubali. Basi mpitishie maneno kwa ami, au kwa babu ambaye unataniana naye, lakini yafike. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wa tumbo fundi wake yuko hospitalini.