Bado Unacheza na Treni?

Mtoto wa miaka sita akisukuma treni sakafuni, hakuna anayeshangaa. Wajomba humwongezea behewa siku ya kuzaliwa, na wageni humwuliza treni yake inakwenda wapi. Akifika miaka 14 akiwa bado na treni zake, maswali yanageuka. Wenzake shuleni wanazungumzia mpira, muziki na simu. Yeye Jumamosi nzima ameimalizia chini ya meza, akiunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa ili taa ya stesheni ndogo iwake. Akiulizwa alifanya nini mwisho wa wiki, anajibu kwamba alikuwa nyumbani tu.

Hobi hii ina zaidi ya karne moja. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Kijerumani ya Märklin ilionyesha reli za kuchezea zenye vipimo maalumu ambazo mtu angeweza kuziongeza kidogokidogo, na mfano wake ulikuwa njia yenye umbo la nane. Mpango huo ulibadilisha mambo. Treni iliacha kuwa kitu kinachonunuliwa mara moja na kuvunjika. Ikawa kazi inayokua mwaka hadi mwaka pamoja na mwenyewe. Frank Hornby wa Liverpool alifuata kwa treni zake mwaka 1920, na huko Marekani Joshua Lionel Cowen alikuwa ameanzisha kampuni ya Lionel tangu mwaka 1900.

Wanafunzi wenzake yule kijana wa miaka 14 hushindwa kumwelewa kwa sababu wanaona mwisho wa kazi tu: treni inazunguka, inarudi, inazunguka tena. Kweli, dakika kumi za kuitazama zinatosha. Lakini kuitazama ni sehemu ndogo kabisa ya shughuli yenyewe.

Chukua tatizo moja linalowakuta wengi wanaoanza. Katika mfumo wa kawaida wa reli mbili, umeme wa volti 12 hivi hupita relini, reli moja ikiwa chanya na nyingine hasi. Magurudumu ya kichwa cha treni huuchukua umeme huo na kuufikisha kwenye mota. Ukibadilisha chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Sasa kijana anataka treni ifike mwisho wa meza, izunguke kitanzi, kisha irudi kwa njia ileile iliyojia. Analaza reli, anawasha, na umeme unapiga shoti. Anakagua waya zote, ni nzima. Mpaka aifuatishe reli ya kushoto kwa kidole ndipo anagundua kwamba, ikishamaliza kitanzi, inarudi ikiwa upande wa kulia, na chanya inakutana na hasi. Dawa yake ni kuzikata reli zote mbili kwenye ncha za kitanzi ili kipande hicho kijitegemee kwa umeme, halafu kugeuza mkondo treni ikiwa ndani yake. Aliyelitatua hilo kwa mikono yake amelielewa somo la umeme kwa namna ambayo ubao wa darasani hauwezi kumpa.

Kisha kuna suala la nafasi. Uwiano uliozoeleka zaidi duniani, unaoitwa HO, ni moja kwa 87: kila kitu kinapunguzwa mara 87. Kwa kipimo hicho kilomita moja ya reli inakuwa mita 11 na nusu. Kilomita zipatazo 480 za reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi zingedai njia ya kilomita tano na nusu, na hakuna nyumba yenye chumba hicho. Hata kona ni taabu. Kona kali kabisa katika reli za Hornby ina nusu kipenyo cha sentimita 37 hivi. Ukiikuza mara 87 iwe reli halisi unapata mita 32 hivi, ilhali treni kubwa za njia kuu huhitaji mamia ya mita ili kupinda salama. Kwa hiyo kijana analazimika kuchagua. Anachukua stesheni moja, daraja moja, ghala moja, na ile kona isiyo ya kweli anaificha nyuma ya kilima au ndani ya handaki. Uamuzi wa nini kiachwe ndio unaotofautisha meza nzuri na rundo la vitu vya kununua, na unahitaji jicho la mtu anayejua stesheni halisi inavyofanya kazi: mabehewa ya mizigo yanasubiri wapi, treni mbili zinapishana vipi, nani anaipa nani njia.

Wapenzi wa treni za mfano huchukulia milimita kwa uzito. Uingereza hutumia uwiano wake, moja kwa 76, juu ya reli zilezile za HO zenye upana wa milimita 16.5. Sababu ni ya kihistoria: vichwa vya treni vya Kiingereza vilikuwa vyembamba kuliko vya bara la Ulaya, na mota za zamani hazikuenea ndani yake, basi umbo likakuzwa na reli zikaachwa zilivyo. Matokeo yake, reli inaonekana nyembamba kuliko inavyopaswa. Wapo Waingereza ambao hawajaikubali hali hiyo hata leo, na hujitengenezea reli za milimita 18.83 ili hesabu itimie.

Maarifa yote haya mara nyingi hufichwa. Mwingereza Francis Bourgeois, aliyepata umaarufu kwa video zake za kushangilia treni zinazopita, ameeleza hadharani kwamba akiwa sekondari aliyazima mapenzi yake ya treni ili afanane na wenzake. Aliyarudia baadaye, wakati akisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Nottingham. Mamilioni wakamfuata, na hata Gucci na The North Face wakamtumia katika tangazo lao la mavazi. Furaha ileile aliyoona aibu nayo shuleni ndiyo iliyowavuta watu.

Umri wala umaarufu haviondoi mshangao wa watu. Mwimbaji Rod Stewart alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji wa Marekani wa miaka ya 1940 wenye reli na maghorofa marefu, na alipokuwa ziarani aliomba chumba cha ziada hotelini apate pa kufanyia kazi. Alipouonyesha mwaka 2019 katika jarida la Railway Modeller, mtangazaji mmoja wa redio alidokeza kwamba hakuujenga mwenyewe. Stewart alipiga simu kwenye kipindi hichohicho kusema kwamba sehemu kubwa kabisa ni kazi ya mikono yake.

Nyota wa muziki anaweza kupiga simu redioni. Mtoto wa shule hunyamaza, na hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu ufundi huu hufundishwa mkono kwa mkono. Mtu hujifunza kupaka rangi ya kutu kwenye behewa kwa kumwona mwingine akipaka. Vilabu vipo vingi Ulaya na Marekani, lakini wanachama wengi ni watu wazima, hata wastaafu. Kijana anajikuta kati ya rika lisilomwelewa na wazee wanaomwelewa lakini si wenzake.

Japani wamelishughulikia jambo hili kwa njia ya kupendeza. Shule nyingi za sekondari zina klabu ya reli, sawa na klabu ya muziki au ya riadha, na kila kiangazi shule hukutana Tokyo katika mashindano ya kitaifa ya treni za mfano. Wanafunzi hujenga vipande vya mandhari vyenye vipimo vinavyolingana, kisha vipande vya shule mbalimbali vinaunganishwa na treni zinapita kutoka kazi ya shule moja hadi ya nyingine. Hakuna wa kumwuliza mwenzake kwa nini bado ana treni.

Marekani nako kuna chumba kilichozaa makubwa. Klabu ya treni za mfano ya chuo cha MIT ilianzishwa mwaka 1946. Wanachama wengine walipenda majengo na milima ya juu ya meza. Wengine walivutiwa na yaliyokuwa chini yake, msitu wa waya na swichi za simu zilizotolewa kama msaada. Mmoja wa kundi hilo la chini alikuwa Alan Kotok, aliyekua akichezea zana katika duka la vifaa la baba yake na kuingia MIT akiwa na miaka 16. Mwaka 1962 wanachama wa klabu walishiriki kutunga Spacewar!, mmoja wa michezo ya kwanza ya kompyuta, na Kotok na mwenzake walitengeneza visanduku vya kuuchezea kwa vipuri kutoka chumba cha treni. Baadaye akawa miongoni mwa wasanifu wakuu wa kompyuta wa kizazi chake.

Kijana wa Nairobi au Tabora anayetaka kuijenga reli ya kwao anaweza kuanza na hesabu yenye bahati ndani yake. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, ambayo kwa uwiano wa HO ni milimita 11.5. Ulaya huuzwa reli za milimita 12, zilizokusudiwa njia za milimani za Uswisi zenye upana huohuo wa mita moja, na tofauti ya nusu milimita haionekani. Kichwa cha treni atakiunda mwenyewe, kwa kadibodi ngumu au plastiki. Mfano bora umesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: kichwa cha aina ya Garratt namba 5918, Mount Gelai, kimoja kati ya vichwa 34 vilivyojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Boila yake imening'inia kati ya seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake, jambo linalosaidia sana kwenye kona za mezani. Kina urefu wa karibu mita 32, sawa na sentimita 36 na nusu hivi juu ya meza, na kukipima kunahitaji watu wawili, kwa hiyo itabidi mwanafunzi mwenzake mmoja aje kushika ncha ya pili ya tepu.