Rangi ya Waridi Inatuambia Nini Kuhusu Moyo?

Mafuta ya kupikia ukiyaacha wazi muda mrefu yanabadilika harufu, na unajua yameharibika hata kabla hujayaonja. Jambo linalofanana sana na hilo hutokea ndani ya moyo. Mafuta yanayojenga utando wa seli yanashambuliwa na radikali huru, yanashika oksijeni, kisha molekuli moja iliyoharibika inaharibu jirani yake, na jirani naye anaendeleza. Huu ndio uperoksidishaji wa lipidi. Hutokea kwa nguvu pale damu inaporudi kwenye misuli ya moyo baada ya mshipa ulioziba kufunguliwa. Unahusishwa pia na madhara ya doksorubisini, dawa ya saratani, kwa moyo.

Sasa, tunaupimaje?

Maabara nyingi za wanafunzi hutumia kipimo kinachoitwa TBARS, na sababu kubwa ni bei. Unasaga kipande cha moyo, unachanganya na tindikali na asidi ya tiobabituriki, unachemsha kwenye maji ya nyuzi 95 hivi, halafu unasoma rangi kwenye spektrofotomita kwa nm 532. Rangi ya waridi unayoiona inatokana na MDA, kipande kinachobaki mafuta yakishavunjika. Molekuli moja ya MDA hushikwa na mbili za asidi ile. Waridi ikizidi, tunasema uharibifu umezidi.

Shida ni kwamba asidi ile haichagui. Hushikana na aldehaidi nyingine, na sukari na bilirubini nazo huchafua usomaji. Ndiyo maana makala makini huandika "vitu vinavyoshikana na asidi ya tiobabituriki", hawasemi tu MDA. Halafu kuna kule kuchemsha kwenyewe. Moyo una mayoglobini tele, na damu iliyobaki ina hemoglobini. Vyote vina chuma, na chuma kwenye joto kinaharakisha kuharibika kwa mafuta yaliyokuwa mazima. Yaani sehemu ya uharibifu unaoupima umeutengeneza wewe mwenyewe, dakika chache kabla ya kusoma namba. Watu huongeza BHT kuzuia hilo. Inasaidia, ila haimalizi tatizo.

Hapa tafiti za mimea ya dawa zinaingia kwenye mtego. Panya wamepewa dondoo la majani, TBARS imeshuka, hitimisho: dondoo linalinda moyo. Lakini kama mabaki ya dondoo yapo ndani ya sampuli, yanaweza kuzuia oksidishaji wakati wa kuchemsha. Hapo limelinda mrija wa kioo. Kuhusu moyo bado hatujui. Na mtu mwenye presha anayesoma hitimisho hilo kwenye simu anaweza kuacha vidonge vyake.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi kwa wanaopima moyo. Utando wa ndani wa mitokondria una lipidi iitwayo kadiolipini, inayosaidia mitambo ya kuzalisha nishati kukaa mahali pake. Katika moyo, kadiolipini nyingi hubeba asidi nne za linoleiki, na kila moja ina vifungo viwili tu vya jozi. MDA hutoka hasa kwenye mafuta yenye vifungo vitatu au zaidi. Kwa hiyo kadiolipini inaweza kuharibika vibaya, na mrija wako usionyeshe waridi ya maana!

Njia nyingine zipo, kila moja na gharama yake. HPLC hutenganisha MDA halisi na vile vinavyoiiga, ingawa haiponyi tatizo la kadiolipini. F2-isoprosteni, zilizoelezwa mwaka 1990, zinaaminika zaidi, ila hutokana na asidi ya arakidoniki, na zinataka spektromita ya masi. Kwa seli hai kuna C11-BODIPY, inayotoka nyekundu kwenda kijani inapooksidishwa. Kumbuka tu kwamba kinachobadilika rangi ni rangi uliyoiweka, si lipidi za seli zenyewe. Ukitaka kadiolipini yenyewe, hukwepi spektromita ya masi.

Je, uitupe TBARS? Mimi nisingeitupa, hasa maabara ikiwa haina kingine. Osha damu yote kwenye moyo, weka BHT, na ongeza jaribio moja lisilo na gharama: chukua moyo wa panya ambaye hakupewa kitu, tia dondoo kidogo kwenye mrija muda mfupi kabla ya kuchemsha. Waridi ikishuka hapo, ujue dondoo linaingilia kipimo, na namba za wale panya waliotibiwa haziwezi kusimama peke yake.