Jua Likichachamaa, Miale ya Angani Hupungua

Msomaji, ukisimama ufuoni Kuruwitu maji yakiwa yamekupwa, ukanyosha kiganja kuelekea juu, chembe moja hivi hukipenya kila sekunde. Huioni wala huisikii. Ni muoni, masalio ya miale ya kosmiki, yaani viini vya atomu vinavyotoka nje kabisa ya himaya ya jua letu na kuigonga hewa ya juu.

Ajabu ni kwamba jua linapochachamaa, miale hiyo hupungua. Kila baada ya miaka 11 hivi madoa meusi huongezeka usoni pa jua. Upepo wake, ambao hubeba nguvu za sumaku, huvurugika na kuizuia miale ikiwa bado njiani. Jua likitulia, miale hupata upenyo. Mwaka wa 2009, jua lilipokuwa kimya mno, vyombo vya Marekani vilipima miale mingi kuliko wakati wowote tangu enzi za safari za anga zianze. Kipindi cha kilele cha mzunguko huu kilitangazwa Oktoba 2024.

Je, mama mwenye mimba aogope? La hasha! Hewa iliyo juu yetu ni blanketi zito. Wanaopimiwa dozi yao ni marubani, hasa wa safari zinazopita karibu na ncha za dunia. Sisi wa pwani tuna ngao ya ziada: karibu na ikweta sumaku ya dunia imelala kimlalo, na huirudisha miale dhaifu, ile ile ambayo jua huichezea zaidi. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwake huku ni kudogo.

Wanasayansi waliling'amua hilo. Baadhi ya vyombo vya kuchungulia nyota hupenda kuzunguka juu ya ikweta, penye utulivu, na baadhi hutuma habari zao katika kituo cha Waitalia huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapo ndipo setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini, tarehe 12 Desemba, 1970, sikukuu yetu.

Lakini jua hilo hilo linalokinga pia hudhuru. Likichemka, hewa ya juu hutanuka na kuzikokota setilaiti chini. AGILE ya Waitalia, iliyorushwa 2007 na kusikilizwa Malindi, ilianguka na kuteketea Februari 2024, kilele kikiwa kimewadia.