Galway Hawakwenda Kukamilisha Ratiba

Tukisema timu fulani "inakamilisha ratiba", huwa tumeshaifuta akilini. Haina taji la kuwania wala daraja la kushuka. Itavaa jezi, itacheza dakika zake 90 na kurudi nyumbani. Jumamosi ya tarehe 13 Novemba 2021, siku ya mwisho ya ligi kuu ya wanawake ya Ireland, timu ya namna hiyo ilikuwa Galway WFC. Ilitoka pwani ya magharibi, ikavuka nchi hadi PRL Park, viungani mwa Dublin, kuwakabili Peamount United. Wenyeji walikuwa mabingwa wa 2019 na 2020, walikuwa kileleni mwa msimamo, na ushindi ungewapa taji la tatu mfululizo.

Galway waliwafunga 5-2.

Siku hiyohiyo, katika uwanja wa Tolka Park, kaskazini mwa Dublin, Shelbourne ya kocha Noel King iliwalaza Wexford Youths 3-2. Kombe likahama. Shelbourne wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 2016, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ikawa yao.

Wengi waliieleza siku ile kama bahati ya Shelbourne. Mimi naiona kama somo la jinsi ligi inavyofanya kazi, na hesabu yake ni nyepesi. Msimu ule ulikuwa na timu tisa, kila moja ikikutana na mwenzake mara tatu. Hizo ni mechi 24, sawa na pointi 72 za kuwania. Wapinzani wawili wa ubingwa hukutana wao kwa wao mara tatu tu, yaani pointi tisa. Pointi nyingine 63 zimo mikononi mwa timu saba zilizobaki. Kwa hiyo, tunapotazama "mechi ya ubingwa" kati ya vigogo wawili, tunatazama kipande kidogo cha ubingwa. Sehemu kubwa inaamuliwa Limerick, Cork, Athlone na Galway, mbele ya watazamaji wachache, na wachezaji ambao hawatalibeba kombe.

Hapo ndipo penye hatari. Timu za katikati zikilegea mwezi wa Oktoba, bingwa atakuwa yule aliyebahatika kupangiwa waliochoka. Ligi nyingi hujikinga kwa kushusha daraja: anayelegea anaadhibiwa. Ireland haikuwa na kinga hiyo, kwa sababu ligi ya wanawake, tangu ilipoanza 2011, ilikuwa na daraja moja tu. Hakuna aliyeshuka. Wala pesa haikuwa fimbo, maana wachezaji wengi walikuwa wa ridhaa: wanafunzi na wafanyakazi waliofanya mazoezi jioni.

Lugha yetu imelipa jambo hili jina zuri. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kuridhia mwenyewe. Hakuna anayemlazimisha kukimbia dakika ya 85 mechi ikiwa imeshaamuliwa au msimu umeshakwisha. Akikimbia, ni kwa sababu ya heshima yake, ya jezi yake, na ya jicho la kocha wa timu ya taifa. Mwaka uleule Savannah McCarthy, beki wa Galway, alikuwa akiichezea Ireland. Mchezaji wa kiwango hicho hana mechi ya kukamilisha ratiba.

Wexford nao walithibitisha hivyo. Siku nane baada ya kufungwa Tolka Park, walikutana tena na mabingwa wapya kwenye fainali ya Kombe la FAI (chama cha soka cha Ireland), uwanja wa Tallaght, wakashinda 3-1. Timu iliyomaliza ligi bila taji ilikuwa na miguu ya kumwangusha bingwa.

Lakini ridhaa peke yake haiwezi kuilisha klabu milele. Mwaka mmoja tu baadaye, mwishoni mwa msimu wa 2022, Galway WFC, klabu ya wanawake iliyosimama peke yake, ilijiondoa kwenye ligi. Timu iliyokuwa imeamua bingwa wa nchi ikatoweka. Habari ile iliniuma kuliko kushindwa kwa timu yoyote kubwa, kwa sababu pengo la timu ya katikati halionekani kileleni mwa msimamo, ila linapunguza thamani ya kila taji litakalofuata.

Nafuu ni kwamba nafasi haikubaki wazi. Klabu nyingine, Galway United, iliingia 2023, mwaka uleule ambao klabu ziliruhusiwa kuwapa wanawake mikataba ya kulipwa, na mwaka huohuo ikatwaa kombe jipya la kisiwa kizima, linaloshirikisha timu za Kaskazini na Kusini. Msimu uliofuata, ubingwa wa ligi ulikwenda Athlone Town, nje kabisa ya Dublin. Nguvu inasambaa, na inaposambaa ndipo taji linapokuwa na uzito.

Basi msimamo wa ligi yoyote ukiwekwa mbele yako, anza kuusoma katikati. Uliza timu ya tano inalipwa nini, inafanyia wapi mazoezi, na nani anailipia basi la kwenda ugenini. Mwaka 2021, basi moja la namna hiyo lilitoka magharibi mwa Ireland, na kombe likabadilisha njia.